Kulinda laptopu chuoni: mlango, waya, sanduku, usimbaji wa diski na karatasi za polisi

Mzee wa Zamu (mwanzisha uzi)

Wakuu, muhula unafunguliwa na wageni wa mwaka wa kwanza wanaingia hosteli na laptopu mpya. Tukusanye hapa mbinu za kuzilinda. Ombi langu ni moja: tuandike vipimo, hatua na kasoro zake. Visa vya nani aliibiwa wapi vina nyuzi zake.

Naanza na bweni, maana huko ndiko laptopu inakokaa saa nyingi zaidi.

Mwizi wa bwenini kwa kawaida havunji. Anasukuma mlango. Mwenye chumba ameenda kuoga, kuanika nguo au kuchukua maji ya moto, na chumba kiko wazi kwa dakika kumi. Mtu mwenye daftari mkononi anapita korido akigusa vitasa. Kikifunguka anauliza, "Samahani, Juma yupo?" Asipojibiwa, anaingia. Kwa hiyo hata ukienda bafuni, funga kwa ufunguo. Kufunga kwa komeo tu, au kurudishia mlango, si kufunga.

Pili, funguo. Chumba cha watu wanne chenye kubebana (wenyeji kulaza wenzao wasio na chumba) kinaweza kuwa na funguo saba mtaani, na mbili kati ya hizo ziko kwa watu waliomaliza chuo. Kama mlango una kitasa cha silinda, ombeni kwa mlezi wa bweni silinda ibadilishwe mwanzoni mwa mwaka. Kazi yenyewe ni skrubu moja ndefu ubavuni mwa mlango, usawa wa silinda: unaifungua, unaingiza ufunguo na kuuzungusha kidogo hadi ulimi wa silinda ulale ndani, unaivuta, unaweka mpya. Pima urefu wa ile ya zamani kabla ya kununua, maana ikitokeza nje ya bamba la kitasa kwa zaidi ya milimita 3 hivi inashikika kwa koleo na kuvunjwa. Vile vitasa vya zamani vya ufunguo mrefu havina silinda ya kutoa. Hapo inabadilishwa kitasa kizima.

Tatu, kufuli la nje. Watu wananunua kufuli zito kisha wanalitundika kwenye bamba lililofungwa na skrubu fupi za mbao ambazo vichwa vyake viko nje. Mwizi hahangaiki na kufuli, anafungua skrubu kwa bisibisi. Toeni skrubu hizo, toboeni mlango mpaka upande wa pili, wekeni boliti za milimita 8 zenye kichwa cha mviringo nje, na washa pana na nati ndani. Kufuli lenyewe liwe na upinde usiopungua milimita 8. Zile za bei ya chini kabisa, mbali na wembamba, zina funguo zinazoingiliana: la jirani linaweza kufungua la kwako. Jaribuni kwenye korido yenu mtaona.

Dirisha nalo tulitazame. Nondo zinazuia mtu kuingia, hazizuii fimbo. Mti wa mita mbili wenye ndoano unavua begi kutoka mezani usiku huku mmelala. Meza yenye laptopu isikae chini ya dirisha, na begi lisitundikwe kwenye nondo ya kitanda iliyo usawa wa dirisha. Wavu wa chuma wenye matundu ya sentimita 2 hadi 3, ukishikizwa kwa ndani ya nondo, unamaliza habari hiyo. Ule wavu wa mbu wa plastiki ni wembe tu na umekwisha. Dirisha la aluminiamu la kuteleza likiwa halina kizuizi husukumwa kwa nje likafunguka. Kata kijiti chenye urefu wa reli iliyobaki, kilaze ndani ya reli, na halitasogea.

---

Mwaka wa Kwanza 07

Shukrani mkuu. Vipi zile waya za kufungia laptopu mezani? Zinasaidia au ni mapambo? Nina HP EliteBook ya mtumba wa Dubai.

---

Fundi Bisibisi

Zinasaidia mahali pake. Kwanza angalia tundu la kufungia waya ubavuni mwa laptopu, maana hapa ndipo pesa nyingi inapotupwa. Matundu yako ya aina tatu na waya haziingiliani:

Tundu la kawaida la Kensington ni mstatili wa milimita 7 kwa 3. Lipo kwenye EliteBook 840 G3 na ThinkPad T480, kwa mfano. Tundu dogo la Nano ni milimita 6 kwa 2.5, lipo kwenye mashine nyembamba za miaka ya karibuni. Kisha kuna tundu la kabari, linalopendwa na Dell. Latitude 7470 inalo hilo. Waya wa kichwa cha kawaida hauingii kwenye kabari hata ukiulazimisha, na ukilazimisha unapasua ganda. Nenda dukani na mashine yenyewe mkononi, jaribu kabla ya kulipa. MacBook Air na MacBook Pro za sasa hazina tundu lolote.

Waya wa kawaida una urefu wa mita 1.8. Chagua wenye chuma cha milimita 5 hivi. Ule mwembamba wa milimita 3 unakatwa na koleo la mfukoni. Kuhusu kufunga kwa namba, tarakimu nne zina michanganyiko 10,000, lakini watu wengi wanazungusha gurudumu moja tu wanapofunga, kwa hiyo mwizi anarudisha tarakimu moja na kufungua. Zungusha zote nne. Na usiweke mwaka wako wa kuzaliwa.

Tatizo kubwa zaidi ni kitu unachoufungia. Mguu wa meza nyepesi unanyanyuliwa, kitanzi kinatoka chini. Kwenye dabodeka la chuma, pitisha waya kwenye ile nondo ya kati iliyochomelewa pande zote mbili, si kwenye mguu. Kwenye vimbweta (meza za zege za kusomea nje), mguu wa zege wa sentimita 30 kwa 30 unakula sentimita 120 za waya, unabaki na kama 60 za kufikia laptopu. Inatosha, ila upime kabla hujakaa, maana mguu ukiwa mnene zaidi ya huo waya haufiki mezani.

---

Kufuli la Shaba

Naomba kutofautiana kidogo. Waya hauzuii mwizi aliyekuja na mkasi wa kukatia nondo, na hata bila mkasi, mtu akivuta kwa nguvu ganda la plastiki linapasuka na kichwa cha waya kinatoka nacho. Wanafunzi wakiwa na waya wanajiamini kupita kiasi, wanaacha mashine saa nzima maktaba.

---

Fundi Bisibisi

Uko sahihi kuhusu plastiki. Kwenye mashine za bei ndogo tundu limetobolewa kwenye ganda tu, halina bamba la chuma nyuma. EliteBook, Latitude na ThinkPad za safu ya T tundu lake limeshikizwa kwenye fremu, likivutwa mashine inaharibika kiasi cha kushusha bei yake. Ila usiichukue kama kinga ya saa nzima. Waya ni wa kwenda kujaza maji, kuchukua kitabu rafuni, kumuuliza jirani swali. Mwizi wa maktaba anategemea kuondoka bila kutazamwa. Mtu anayevutana na waya anatazamwa. Ukienda kula, beba.

---

Dada wa Maktaba

Hapo kwenye "ukienda kula, beba" naunga mkono kwa mikono miwili. Na jambo hili: "Naomba uniangalizie" kwa mtu usiyemjua ni kazi bure. Huyo mtu hajui ni nani rafiki yako na nani mwizi. Akija mtu akasema, "Kaniagiza nimchukulie," atampa. Ukimwachia mtu, mwambie waziwazi: "Mtu yeyote asiichukue, hata akinitaja jina."

Kukaa pia ni ulinzi. Chagua kiti ambacho mgongo wako uko ukutani na mlango unauona, si meza ya kwanza mlangoni. Soketi za kuchajia zilizo karibu na mlango ndizo mbaya kuliko zote, maana laptopu inaachwa inachaji na mwenyewe yuko meza ya tatu.

Umeme ukikatika usiku, kabla ya kutafuta tochi, funga skrini na uweke mkono juu ya mashine. Sekunde za giza zinatosha.

---

Chuma Moto

Kwa wanaoishi hosteli au geto, tengenezeni sanduku la chuma. Tranka la bati la shule halifai peke yake: bati lake ni jembamba, bisibisi pana inalikunja kwenye kona, na pete ya kufuli imeshikwa kwa ribiti mbili zinazong'oka.

Mpelekee fundi wa kuchomelea vipimo hivi: ndani sentimita 45 kwa 32 kwa 10, pleti ya milimita 2. Laptopu ya inchi 15.6 inaingia na chaja yake. Sanduku tupu litakuwa na uzito wa kama kilo 7. Mambo matatu ya kumsisitizia:

Kifuniko kiingie ndani ya kuta za sanduku, kisikae juu kama kofia. Kikikaa juu, nondo inapenya kwenye mwanya na kukikwanyua.

Bawaba ziwe za ndani, au zichomelewe kabisa bila skrubu. Pini ya bawaba ya nje iwekewe tone la weldingi kila ncha, la sivyo inagongwa na msumari inatoka, na kifuniko kinafunguka upande usio na kufuli.

Nyuma patobolewe tundu linalotosha kupitisha ncha mbili za mnyororo. Mnyororo wa milimita 8 unazungushwa kwenye nondo ya kitanda, ncha zake mbili zinaingizwa kwa tundu hilo, na kufuli la mnyororo linabaki ndani ya sanduku. Ukishafunga kifuniko, kufuli la mnyororo haliguswi. Kutoboa ukuta wa hosteli kunahitaji ruhusa, mnyororo hauhitaji.

Mwambie asage kingo zote na kupiga rangi, kisha bandika sponji au kipande cha godoro ndani. Na laptopu iingie ikiwa imezimwa kabisa. Ikiwekwa imelala tu, inaweza kuamka yenyewe ikapata joto humo ndani bila hewa.

---

CR wa Zamani

Mmesahau mahali panapouma: nje ya chumba cha mtihani. Mabegi 200 yamerundikwa kwenye veranda, watu wako ndani kwa saa tatu, na anayemaliza mapema anachagua begi analotaka.

Dawa ya kwanza ni kutokwenda na laptopu siku ya mtihani. Kwa wanaotoka mbali na hawana pa kuiacha, CR (mwakilishi wa darasa) azungumze na msimamizi wa mtihani mabegi yawekwe mbele, ndani ya chumba. Isipowezekana, utaratibu wa vibao viwili: unaandaa karatasi ngumu zenye namba 1 hadi 200, kila namba mara mbili. Moja inafungwa kwa uzi kwenye begi, ya pili anabaki nayo mwenyewe mfukoni. Mabegi yapangwe kwa mafungu ya namba ishirini ishirini, si rundo. Mtu mmoja anayelipwa, au polisi msaidizi akiwepo, anakaa mezani na hatoi begi bila kibao pamoja na kitambulisho cha mwanafunzi.

Utaratibu huu huharibika mwishoni: watu 150 wanatoka pamoja, wanasukumana, mtu wa mezani anazidiwa na kuwaruhusu wajichukulie. Panga meza mbili, moja ya namba 1 hadi 100 na nyingine ya 101 hadi 200, na kamba mbele yake. Kibao kikipotea, mwenyewe anasubiri hadi wote waishe, kisha anaeleza kilichomo kabla begi halijafunguliwa.

---

Bitibiti

Mpaka hapa tumelinda chuma. Sasa tulinde kilichomo, maana laptopu ikiondoka na nywila zote za kivinjari, barua pepe, akaunti ya mkopo na mfumo wa matokeo viko wazi, hasara inaendelea miezi.

Nenosiri la kuingilia Windows peke yake halilindi faili. Mtu akitoa diski na kuichomeka kwenye mashine nyingine anasoma kila kitu. Kinachozuia hilo ni usimbaji wa diski nzima, yaani kuvuruga data zote zisisomeke bila funguo yake.

Windows 11 Home: fungua Settings, Privacy & security, Device encryption, uwashe. Windows Pro ina BitLocker kamili. Mac: System Settings, Privacy & Security, FileVault. Ubuntu: unachagua usimbaji wakati wa kusakinisha, kuuongeza baadaye ni kazi kubwa, bora kuhamisha faili na kusakinisha upya.

Mtego wa Windows Home uko hapa. Mashine inaweza kuonyesha diski imesimbwa huku ulinzi haujawaka, kwa sababu umeingia na akaunti ya ndani (ya mashine hiyo tu) na si akaunti ya Microsoft. Funguo iko wazi kwenye diski yenyewe. Hakikisha: fungua Command Prompt kama msimamizi, andika

manage-bde -status

usome mistari miwili. "Fully Encrypted" haitoshi. Lazima pia pawe na "Protection On". Ukiona "Protection Off", ingia na akaunti ya Microsoft kisha urudi ukaangalie tena.

Funguo ya uokoaji, ya kufungulia diski mashine ikikataa, ni tarakimu 48. Inahifadhiwa kwenye akaunti yako ya Microsoft, lakini iandike pia kwenye karatasi iliyoko nyumbani kwenu, si kwenye begi la laptopu. Utaihitaji fundi akibadilisha ubao mama, au baada ya kusasisha bayosi (programu inayoiwasha mashine kabla ya Windows). Asiyekuwa nayo anapoteza faili zote, na hakuna fundi wa kuzirudisha. Ya Mac ni herufi na tarakimu 24.

Kisha kufunga skrini. Usimbaji haufanyi kazi kwa mashine iliyo wazi. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na L kila unapoinuka. Weka skrini ijifunge ndani ya dakika 3. Ukiunganisha simu kwa bluetuthi na kuwasha Dynamic lock, mashine inajifunga yenyewe simu ikienda mbali, ila inachelewa zaidi ya nusu dakika, kwa hiyo iwe ya ziada tu.

---

Mwaka wa Kwanza 07

Yangu Windows iliwekwa na fundi, haina akaunti ya Microsoft, na ni Windows 10. Nifanye nini?

---

Bitibiti

Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, hilo ni tatizo jingine, lakini kwa wizi kuna njia. Angalia kwanza ni toleo gani: Settings, System, About. Fundi wengi huweka Pro. Kama ni Pro, washa BitLocker kwenye Control Panel hata kwa akaunti ya ndani, na uhifadhi funguo ya uokoaji kwenye flashi na karatasi, kwa sababu haitakwenda mtandaoni yenyewe. Kama ni Home, fungua akaunti ya Microsoft, ni bure, uingie nayo.

Faida ya pili ya akaunti hiyo ni Find my device, huduma ya kutafuta mashine ilipo. Haifanyi kazi kwa akaunti ya ndani. Iwashe, na huduma ya mahali iwe imewashwa. Jueni mipaka yake: laptopu nyingi hazina GPS, zinakisia mahali kwa waifai zilizo karibu, na zinaripoti zikiwa mtandaoni tu. Mwizi akifuta diski na kusakinisha upya, imekwisha. Mac ni tofauti: Find My inaweza kuiona hata isipokuwa na intaneti, kupitia vifaa vya Apple vilivyo jirani, na zile zenye chipu ya T2 au chipu za Apple zina Activation Lock, haziwezi kutumika bila akaunti yako hata zikifutwa.

---

Fundi Bisibisi

Naongeza bayosi, maana ndiyo inayomchelewesha mwizi kufuta. Kwenye HP bonyeza Esc kisha F10 ikiwaka, Dell F2, ThinkPad F1. Weka nenosiri la msimamizi, kisha zima kuwasha kwa kutumia USB. Kwenye ThinkPad weka pia nenosiri la kuwashia, yote mawili. La kuwashia peke yake huondolewa kwa kuchomoa betri ndogo ya bayosi, lakini la msimamizi haliondoki hivyo.

Ndiyo maana nasema kwa herufi kubwa: LIANDIKE MAHALI. Ukilisahau kwenye mashine hizi za kiofisi, kuchomoa betri hakusaidii, na kwenye ThinkPad suluhisho rasmi ni kubadilisha ubao mama. Sitaandika hapa njia za kulivunja, msiniombe.

Wanunuzi wa mitumba: kabla ya kulipa, ingieni bayosi muone kama haijafungwa na ofisi iliyoiuza. Kisha linganisheni namba ya kiwanda ya kwenye stika ya chini na ile iliyomo ndani. Kwenye Windows fungua PowerShell uandike

Get-CimInstance Win32_BIOS | Select SerialNumber

Kwenye Linux: sudo dmidecode -s system-serial-number. Namba mbili zikitofautiana, ubao au ganda limebadilishwa. Linaweza kuwa tengenezo la halali, na muuzaji wa halali atakuwa na maelezo na karatasi. Asipokuwa nayo, achana nayo.

---

Kitabu cha Sheria

Hapo kwenye karatasi. Kwa Tanzania, fanyeni haya siku ya kununua, siyo siku ya kuibiwa.

Risiti ya EFD (mashine ya risiti za kodi) iwe na jina lako na namba ya kiwanda ya laptopu. Mwambie muuzaji aiandike, na kama mashine ya risiti haiwezi, aiandike kwenye ankara na kugonga mhuri. Ipige picha siku hiyo hiyo. Karatasi ya risiti hufifia kwa joto, na baada ya mwaka kwenye pochi inakuwa nyeupe kabisa. Ukinunua kwa mtu binafsi, andikeni mkataba wa mauziano wenye namba zenu za NIDA (kitambulisho cha taifa), namba ya kiwanda, tarehe na mashahidi, upitie serikali ya mtaa.

Piga picha mashine mbele, nyuma, chini, na alama zake. Chonga namba yako ya usajili wa chuo kwa kalamu ya kuchongea kwenye ganda la chini, pembeni, mbali na sehemu ya betri na matundu ya hewa. Chonga tena, au andika kwa kalamu ya wino usiofutika, upande wa ndani wa ganda hilo. Mwizi husugua alama ya nje na kubandua stika. Ya ndani hana habari nayo. Picha zote zikae kwenye barua pepe, si kwenye laptopu hiyo hiyo.

Ikiibwa, nenda kituoni ufungue jalada upewe namba ya RB (kitabu cha taarifa cha polisi). Watu wanakosea hapa: wanakata taarifa ya upotevu mtandaoni wakidhani imetosha. Hiyo ni ya kitu kilichopotea. Wizi ni jinai, unahitaji RB na mpelelezi aliyepangiwa. Bila RB hata bima haikusikilizi, na bima nyingi za vitu vya ndani zinadai alama za kuvunja. Mlango ulioachwa wazi hauna alama.

Na wanaonunua laptopu kwa nusu bei nyuma ya hosteli wajue kuwa Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 311, inamhusu anayepokea mali akijua, au akiwa na sababu ya kuamini, kwamba ni ya wizi. Hutashtakiwa kwa kuiba lakini utashtakiwa.

---

Pwani Kilifi

Kwa ndugu wa Kenya: ni namba ya OB (kitabu cha matukio) kutoka kituo cha polisi, halafu uombe abstract, yaani hati ya polisi ya kuthibitisha ulitoa taarifa. Mengine ni yaleyale.

---

Mwaka wa Kwanza 07

Simu ikiibwa TCRA (mamlaka ya mawasiliano) wanaifungia kwa IMEI, namba yake ya utambulisho. Laptopu je?

---

Bitibiti

Hapana. IMEI ni ya modemu inayotumia laini ya simu. Laptopu ya kawaida haina, kwa hiyo hakuna mtandao wa simu wa kuifungia. Ikiwa yako ina tundu la laini, IMEI hiyo ni ya modemu tu. Ikifungiwa, laptopu inaendelea kutumia waifai kama kawaida. Chukua pia anwani ya kadi ya waifai kwa kuandika amri getmac /v kwenye Command Prompt, na uihifadhi na karatasi zako: watu wa mtandao wa chuo wanaweza kuona ikijiunga tena na waifai ya chuo, alimradi kipengele cha kubadilisha anwani kiholela kimezimwa kwenye mtandao huo.

---

Mzee wa Zamu

Neno moja kwa wanaosimamia mageti. Kuandikisha laptopu kwenye daftari tu hakufai, mlinzi hawezi kupekua kurasa 300 jioni watu wakitoka. Toeni kadi ndogo yenye picha ya mwanafunzi, aina ya mashine, namba ya kiwanda na mhuri. Mlinzi ageuze laptopu asome tarakimu nne za mwisho tu na kulinganisha. Ni sekunde tano. Aliyeazimwa awe na kadi ya mwenye mali pamoja na ujumbe wake, au asitoke nayo. Na uzio utembelewe, kwa sababu geti likibana, mzigo unapitishwa juu ya ukuta.

---

Dada wa Maktaba

Naomba mtu apange saa ya kwanza baada ya kuibiwa. Watu wanachanganyikiwa wanaanza kubonyeza ovyo.

---

Bitibiti

Mpangilio una maana, kwa sababu hatua moja ikitangulia inaua nyingine.

Kwanza, kwa simu ya rafiki, ingia account.microsoft.com/devices au iCloud. Tazama mahali, piga picha ya skrini yenye saa, kisha funga mashine kwa mbali. Usiiondoe kwenye akaunti yako. Kwenye Mac, kuiondoa kunafungua Activation Lock na umemkabidhi mwizi mashine safi. Kufuta kwa mbali pia kusubiri, ukishasimba diski huna haraka nako.

Pili, badilisha nenosiri la barua pepe kuu, kisha utoe vikao vyote vilivyo wazi (vifaa vyote vilivyoingia kwenye akaunti). Barua pepe itangulie, maana ndiyo inayotumika kubadilisha nyingine zote. Halafu mfumo wa chuo, akaunti ya mkopo, benki, na WhatsApp ya kwenye kompyuta, ambayo unaiondoa kwenye simu sehemu ya vifaa vilivyounganishwa.

Tatu, toa taarifa kwa polisi wasaidizi wa chuo na getini pamoja na namba ya kiwanda, kabla ya kwenda kituoni. Ikiwa bado iko ndani ya uzio, dakika hizo ndizo zenye nafasi. Kisha RB.

Ukiiona kwenye ramani, usiende mwenyewe na kundi la marafiki. Duara la waifai linaweza kukosea nyumba tatu, na kelele za "mwizi" mtaani zinaua mtu, awe ndiye au siye. Mpe mpelelezi ile picha ya skrini.

---

CR wa Zamani

Na tasnifu? Wengi wanalia kwa hiyo kuliko mashine.

---

Bitibiti

Google Drive inatoa GB 15 bure, OneDrive GB 5. Tasnifu yenye michoro mara nyingi haizidi MB 50, bando si kisingizio. Weka folda moja tu ya masomo isawazishwe, siyo filamu na picha. Kisha flashi ya GB 32, nakala kila Ijumaa, na ikae kwenye sanduku au kwa mtu wa chumba kingine. Flashi ikiwa mfuko wa mbele wa begi la laptopu, inaondoka nayo. Jaribu kufungua nakala mara moja kwa mwezi, kwenye mashine nyingine, kwa sababu usawazishaji husimama kimya kimya nafasi ikijaa na hutambui mpaka siku unayoihitaji.

---

Mwaka wa Kwanza 07

Nimeangalia sasa hivi: "Fully Encrypted", "Protection Off".

---

Bitibiti

Basi anzia hapo leo. Unganisha akaunti ya Microsoft, washa upya mashine, rudia amri ileile. Ikisomeka "On", nenda kwenye ukurasa wa akaunti yako uhakikishe zile tarakimu 48 zipo, uziandike. Ikibaki "Off", weka hapa maneno yote inayoonyesha, ila ufute namba ya kiwanda kwanza.